Mgeni wa Shamba Alale Wapi?

Kila anayekusudia kuja Pemba kupumzika hujiuliza suali moja kabla ya kufunga mizigo yake: nitalala wapi? Suali hili huonekana kuwa dogo, la mtu na mfuko wake. Lakini jawabu lake lina uzito mkubwa kwa wenye kisiwa. Pale mgeni anapoweka begi lake ndipo sehemu kubwa ya fedha yake inapobakia, na pale fedha inapobakia ndipo wananchi wanapopima kama shamba bado lina faida ya kulimwa au limebaki kuwa na faida ya kuachwa. Kwa hiyo basi, habari ya malazi ya shamba inamhusu mkulima, mkewe na watoto wake, inamhusu sheha wa shehia yake, na inawahusu wale wote waliopewa dhamana ya kutoa leseni na kugawa ardhi.

Pemba ni kisiwa cha mashamba kabla ya kuwa kisiwa cha fukwe. Anayeshuka bandari ya Mkoani akapanda gari kwenda Chake Chake, na kutoka huko akaendelea hadi Wete na Konde, husafiri muda wote baina ya vilima na mabonde: juu mikarafuu na minazi, chini mpunga, na kando ya njia migomba, mihogo na mifenesi. Kimbunga cha mwaka 1872 kilipoiangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ilisalimika zaidi, na tangu hapo ndiyo iliyobeba mzigo mkubwa wa karafuu za Zanzibar. Hii ndiyo nchi anayotaka kuiona mgeni mwenye kuchoka na kelele za mjini, awe ametoka Ulaya, Dar es Salaam, Muscat au Mjini Unguja. Tusisahau pia watoto wa Pemba wenyewe waliozaliwa ng'ambo, ambao hurejea kuitafuta asili yao na wakakuta nyumba ya babu imejaa watu, nao hawajui pa kujibanza.

Kwa sasa mgeni wa namna hii ana njia tatu. Ya kwanza ni nyumba za wageni za mijini, Chake Chake, Wete na Mkoani. Hapo atapata kitanda, maji na chakula kwa bei ya wastani, lakini atalisikia shamba kwa harufu tu pale gari ya karafuu inapopita. Ya pili ni hoteli za kifahari zilizojengwa kwenye ncha za kisiwa, kama upande wa Wambaa na Makangale. Hizo zina uzuri wake, na zimewapa kazi baadhi ya vijana wetu, lakini mgeni wake hupokewa bandarini au uwanja wa ndege, hupelekwa moja kwa moja ufukweni, na hurejeshwa kwao bila ya kujua mkarafuu una majani ya namna gani. Njia ya tatu ni nyumba ya mkulima mwenyewe, ndani ya shamba lake. Nyumba za aina hii zilizotayarishwa kupokea wageni kwa malipo ni chache mno. Hiyo ndiyo njia tunayotaka kuizungumza leo.

Fikra ya mgeni kulala kwa mkulima si ngeni duniani. Nchi moja iliyoipa sura ya sheria kwa uwazi mkubwa ni Italia, na yafaa tuitazame, kwa sababu Waitaliano si wageni kwetu: wamekuwa wakifurika katika hoteli za Kiwengwa, Unguja, kwa miaka mingi. Huko kwao kuna nchi ya vilima iitwayo Toscana, na ndani yake eneo la Chianti, baina ya miji ya Florence na Siena, penye mizabibu na mizaituni mpaka upeo wa macho. Kinachotengenezwa kwa zabibu zile hakituhusu sisi. Kinachotuhusu ni yaliyowakuta wakulima wake.

Kwa karne nyingi mkulima wa Toscana alilima ardhi ya bwana mwenye shamba, na mavuno yakagawanywa nusu kwa nusu. Baada ya Vita Kuu ya Pili watu wakachoka na mpango huo, wakakimbilia viwandani mijini. Mwaka 1964 Serikali ya Italia ikapiga marufuku mikataba mipya ya namna hiyo. Lakini nyumba nyingi za mawe zilikwishabaki tupu, madirisha wazi, mashamba yakiota magugu. Ndipo baadhi ya wakulima waliobakia walipoanza kuwafungulia milango watu wa mijini waliotaka kupumzika: chumba, chakula kilichotoka shambani, na matembezi baina ya miti. Mwaka 1985 jambo hili likatungiwa sheria ya taifa, na mwaka 2006 sheria hiyo ikabadilishwa kwa nyingine iliyoushika msingi ule ule.

Msingi wenyewe ni mwepesi kuueleza. Anayeruhusiwa kupokea wageni kwa jina hilo ni mkulima. Kupokea wageni lazima kufungamane na kilimo chake, na kilimo lazima kibaki kuwa ndiyo kazi kubwa ya shamba. Chakula anachomwekea mgeni mezani kitoke zaidi katika shamba lake na mashamba ya jirani. Mwenye kung'oa mizabibu yake ili ajenge vyumba ishirini amekwisha kuwa mwenye hoteli, na hapo atafuata sheria na kodi za wenye hoteli. Kwa maneno mengine, Waitaliano waliliweka shamba mbele na kitanda nyuma.

Msomaji wa Pemba hawezi kuusoma mwaka 1964 bila ya kusimama. Mwaka huo huo, baada ya Mapinduzi, Serikali ilitangaza ardhi yote ya Zanzibar kuwa mali ya taifa, na kuanzia mwaka 1965 wananchi wakaanza kugaiwa eka tatu tatu. Mtu aliyekuwa akichuma karafuu za mwingine akawa na miti ya kuitunza yeye. Hiyo ndiyo tafauti kubwa baina yetu na wale wa Toscana: wao waliliacha shamba kwa sababu halikuwa lao, sisi tulipewa shamba ili tusiliache. Lakini eka tatu hazikui. Wengi wa waliopewa wametangulia mbele ya haki, na warithi ni wengi kuliko miti. Tena mkarafuu hauzai sawasawa kila mwaka. Huzaa sana mwaka mmoja, kisha ukapumzika, na bei yake duniani inategemea pia mavuno ya Indonesia, ambayo ndiyo mzalishaji mkubwa kuliko sote. Kijana anayehesabu hesabu hizo huiona meli ya kwenda Unguja au Tanga kuwa ni karibu zaidi kuliko konde la baba yake.

Chumba kimoja au viwili vya wageni, ndani ya shamba lenye kulimwa, vinaweza kumpa mkulima kipato katika mwaka ambao mkarafuu umelala. Havitamtajirisha. Lakini vinaweza kumfanya asiuze, asikate, na asihame. Hilo ndilo jambo tunalolipigania, na ndilo linalopasa kumwongoza mgeni anapochagua, mwenyeji anapotayarisha na ofisa anapoidhinisha.

Tuanze na mgeni. Jambo la kwanza la kuangalia ni msimu. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, njia za ndani ya mashamba huwa tope na utelezi, na mgeni asiyezoea atakaa barazani akihesabu matone. Msimu wa karafuu mara nyingi huanza katikati ya mwaka na huweza kuendelea kwa vipindi hadi mwanzo wa mwaka unaofuata. Huo ni wakati mzuri kuliko wote wa kuiona Pemba. Wachumaji wako juu ya miti, na jioni familia nzima imeuzunguka mwanga wa taa ikichambua karafuu na makonyo; mchana majamvi yametandazwa juani, na wingu likionekana kila mtu hukimbilia kuanua. Lakini ni wakati ambao mwenyeji hana nafasi ya kumbembeleza mgeni, na pengine chumba kimekwisha kukaliwa na wachumaji. Mgeni atakaye kuja msimu huo aagizie mapema, na aje akijua kuwa atapewa jamvi la kuchambua. Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mgeni wa shamba hulipa ili apewe hilo jembe.

La pili, aliangalie shamba kabla ya kukiangalia chumba. Aulize panalimwa nini, nani analima, na atakula nini. Shamba la kweli lina majibu: muhogo na majimbi yaliyochimbwa asubuhi, ndizi, nazi ya mchuzi, samaki aliyeletwa na jirani kutoka diko la karibu, na katika msimu wake embe, doriani au shokishoki. Nyumba iliyozungushiwa ua katikati ya shamba, ikanunua kila kitu chake mjini, ni nyumba ya mjini iliyopotea njia.

La tatu ni maji, choo na usingizi. Mgeni hahitaji marumaru. Anahitaji maji safi yenye chanzo kinachojulikana, kisima kilichofunikwa au tangi lililooshwa, choo kisafi chenye mlango unaofungika, chandarua kisichotoboka, na dirisha linalopitisha upepo. Nyumba ya udongo iliyosiribwa vizuri na kuezekwa makuti hulaza mtu kwa baridi bila ya mashine yoyote. Nyumba ya mabati isiyo na dari humpika mgeni kuanzia saa nne za asubuhi. Umeme nao umerahisisha mengi tangu mwaka 2010, waya ulipolazwa chini ya bahari kutoka Tanga hadi Pemba, lakini mwenyeji mwerevu huweka taa ya akiba, kwani umeme una siku zake.

La nne ni masafa. Nyumba iwe mbali na barabara kuu kiasi cha kusikia ndege, na karibu kiasi cha kufika hospitali kwa wakati, iwe ya Chake Chake, ya Wete au ya Abdalla Mzee pale Mkoani. Aliyepanga katikati ya kisiwa ana fadhila nyingine: kisiwa kizima kimo ndani ya mwendo wa siku moja. Asubuhi anaweza kuingia msitu wa Ngezi upande wa kaskazini, siku ya pili akenda kuona magofu ya Ras Mkumbuu au ngome ya Mkama Ndume pale Pujini, siku ya tatu akavuka kwenda Misali, na kila jioni akarudi kwenye baraza ile ile.

La tano ni adabu. Nchi hii ni ya Waislamu, na kijiji si hoteli. Mgeni atavaa mavazi ya kustiri anapotoka, hatakunywa pombe katika nyumba ya watu, atabisha hodi na kungoja, na ataomba ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha. Katika mwezi wa Ramadhani mchana atakula ndani, na magharibi atakaribishwa futari ambayo hataisahau. Akipendezwa na karafuu asijinunulie gunia uani kwa siri. Kwa miongo mingi biashara ya karafuu imekuwa mikononi mwa Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, na magendo ya karafuu yameleta balaa kwa watu wengi. Amuulize mwenyeji wake lililo halali.

Sasa tumgeukie mwenyeji. Sisi tumefundishwa kwamba haki ya mgeni ni siku tatu, na yanayozidi hapo ni sadaka. Kwa hiyo wapo wanaoona haya kumtajia mgeni bei. Haya hiyo ni njema kwa ndugu na msafiri aliyekwama. Kwa mtu aliyekuja kupumzika na fedha yake mkononi, huzaa fitina. Asiyetajiwa bei mwanzo hulipa kidogo mwenyeji akanung'unika, au hulipa kingi jirani akahusudu. Bei isemwe siku ya kwanza, chumba na chakula, na kila linalozidi. Mke anayepika apewe haki yake mkononi mwake, maana kazi kubwa ya ugeni huu ni yake. Watoto waende skuli na chuoni kama kawaida; mtoto anayeachishwa masomo ili amtembeze mgeni ameuzwa kwa bei ndogo sana. Na sehemu ya ndani ya nyumba ibaki kuwa ya wenyewe, mgeni awe na mlango wake na njia yake ya choo, ili heshima ya pande zote mbili ibakie.

Mwenyeji asisahau pia kuipeleka habari ya mgeni wake kwa sheha. Sheha anapojua nani amelala wapi, mgeni akiugua au akipotea msaada hufika haraka, na uvumi hupungua. Kijiji kinachojua faida yake humlinda mgeni bila ya kuajiri askari.

Ushahidi kwamba vijiji vyetu vinaweza kusimamia mambo haya upo hapa hapa. Popo wa Pemba, mnyama asiyepatikana kwa asili penginepo duniani, alikaribia kumalizika mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa kuwindwa na kwa kukatwa miti. Leo wapo kwa maelfu, na pale Kidike wanakijiji wenyewe wamewalinda popo hao mitini mwao na kuwapokea wanaokuja kuwaangalia. Misali nayo iliwahi kuingia katika mipango ya kujengwa hoteli. Wavuvi wanaokitegemea kisiwa hicho wakasimama kidete, na mwaka 1998 kikafanywa hifadhi. Katika mahala pote pawili, kilichomvuta mgeni kimebaki kwa sababu waliokuwa wakikiishia walishirikishwa katika kukilinda.

Mwisho tuseme na ndugu zetu wa maofisini, kwa heshima na kwa uwazi. Mwaka 2011 Serikali ilitoa kauli ya Utalii kwa Wote, na kauli hiyo ilikuwa njema. Lakini kauli haimjengei mkulima choo. Mtu mwenye chumba kimoja cha wageni hawezi kubebeshwa fomu, ada na safari za mjini sawasawa na kampuni yenye vyumba hamsini. Akibebeshwa hivyo atafanya moja katika mawili: ataacha, au atapokea wageni kwa kificho, na hapo usafi hautakaguliwa, kodi haitalipwa, na mgeni hatakuwa na pa kushitaki. Daraja maalumu la nyumba za wakulima, lenye masharti machache yasiyolegezwa ya maji, choo, usalama na uandikishaji wa wageni, na lenye ada inayolingana na kipato, lingewatoa watu hawa kwenye kificho. Ukaguzi wake uweze kufanyika wilayani, na afisa wa kilimo awe miongoni mwa wakaguzi, kwa sababu kinachokaguliwa ni shamba pamoja na chumba.

Aidha, lazima mlango mmoja ufungwe mapema. Jina la nyumba ya shamba likianza kupendwa na wageni, watatokea wenye mitaji watakaolitaka jina bila ya shamba. Watakuja na mwenyeji wa karatasi, watang'oa mikarafuu michache leo na michache kesho, na watajenga vibanda vya kupendeza mahala pa miti. Kukata mkarafuu bila ya ruhusa ni kosa, na ofisa anayetia saini ruhusa hiyo kwa ajili ya vyumba vya wageni ajue anachokifuta: mkarafuu huchukua miaka kadhaa kabla ya kuanza kuzaa, na kibanda hujengwa kwa miezi mitatu. Wenye mitaji wanaotaka hoteli wanazo sheria zao na maeneo yao, na hakuna anayewakataza. Wasiruhusiwe kuvaa kanzu ya mkulima.

Katika vijiji vya pwani ya Unguja, hoteli zilikuja kwanza, na masuali juu ya ardhi, njia za wavuvi na ajira za vijana yakaulizwa baadaye, mengine hadi leo hayajapata jawabu la kuridhisha. Pemba ya ndani ina bahati ya kuweza kuuliza kabla. Kwa hiyo ofisa atakapoletewa maombi ya mtu anayetaka kupokea wageni shambani, baada ya kuuliza habari ya choo na maji, na aulize suali moja zaidi, na amtake muombaji amwoneshe jawabu kwa mguu wake mwenyewe: karafuu za shamba hili, msimu ujao, zitachumwa na nani na zitaanikwa wapi? Mwenye jawabu apewe leseni yake siku hiyo hiyo.